Miaka Yangu na Mbegu za Bangi

Mwezi uliopita nilikabidhi ufunguo wa karakana, na tangu siku hiyo simu yangu haipumziki. Ninyi vijana mnaosomea dawa za Kichina hapa Guangzhou, Watanzania, Wakenya, na yule Mkongo mmoja anayechanganya Kiswahili na Kifaransa mpaka sijui ananisalimia au ananitukana, wote mnaniuliza swali lilelile: Mama Vero, ni kweli umefanya kazi ya bangi miaka yote hiyo? Haya, ni kweli. Nimeona afadhali niandike mara moja, msome, mniache ninywe chai yangu. Vyeo sitavitaja, havikuwa vingi. Mshahara ndiyo kabisa.

Mimi ni mtu wa Sumbawanga, na mnajua wenyewe Watanzania wanavyotutania kwa uchawi. Nilipopata ufadhili wa kuja China kusomea utengenezaji wa dawa za mitishamba, majirani hawakunipongeza sana. Walinipisha njia tu, kwa heshima. Baba yangu alikuwa askari polisi, na kazi iliyomchosha kuliko zote ilikuwa kupanda milima kung'oa bangi kwenye mashamba ya watu na kuichoma. Alikuwa akirudi nguo zinanuka moshi, mama anamfungia nje mpaka aoge. Mbegu zake alinionyesha mwenyewe kiganjani nikiwa darasa la tano: ndogo, za kijivu, zina michirizi kama zimechorwa kwa penseli. Akaniambia nikiziona popote pale nisiguse, nisiulize, niondoke.

Basi siku yangu ya kwanza karakanani ikawa hivi. Karakana ilikuwa nyuma ya duka la dawa, upande wa magharibi wa mji, kwenye mtaa wa zamani wa nyumba za matofali ya kijivu. Mbele wanauza, nyuma tunaosha, tunakata, tunakaanga na kusaga. Fundi mkuu alikuwa Shifu Luo, na hilo neno shifu ndilo wanalomwitia fundi anayefundisha wengine. Mtu mwembamba, maneno machache, anaamrisha kwa kidevu. Alinipa chekeche na gunia dogo, akanyoosha kidevu kwamba nianze. Nikafungua gunia. Nikazitazama zile mbegu. Nikazitazama tena. Nilikuwa na miezi michache tu ya Kichina, sina ndugu mjini, na mbele yangu kuna gunia zima la ushahidi wa polisi.

Niliweka chekeche chini taratibu, nikachukua mkoba, nikatoka. Nilikwenda chuoni moja kwa moja kuripoti kwamba karakana niliyopelekwa inauza bangi. Mwalimu wangu alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akacheka mpaka akajifuta machozi. Kisha akanirudisha mwenyewe kwa basi. Shifu Luo hakuuliza nilikuwa wapi. Alichukua mbegu moja, akaing'ata kwa meno ya mbele, akanionyesha kiini cheupe kwenye ncha ya ulimi, halafu akanipa ya kwangu ning'ate. Ilikuwa na ladha ya karanga mbichi. Huo ndio ulikuwa usaili wangu wa kazi.

Kwa Kichina dawa hii ni mbegu za huoma, na mmea wenyewe wako nao tangu enzi ambazo hakuna wa kuzisimulia. Shifu Luo alinieleza vipande vipande, leo sentensi moja, wiki ijayo nyingine. Zamani mbegu zilihesabiwa pamoja na nafaka, watu wakazila kama sisi tunavyokula ulezi. Magome yalitoa kamba na nguo, na hata leo akifiwa mtu, watoto wake huvaa kitambaa kigumu cha nyuzi hizo, kwa sababu msiba si siku ya kujipendezesha. Huku kusini wanazisaga na maji, wanachuja, wanakunywa lile tui jeupe ili kupoza tumbo siku za joto. Na kwa wazee, na wanawake waliotoka kujifungua, na wote ambao choo kimekuwa kigumu, mbegu hizi ndizo dawa ya upole kuliko zote. Hazikuchomi, hazikukimbizi chooni. Zinalainisha tu.

Nami nilikuwa na yangu ya kumweleza. Bibi yangu mzaa mama hakuwahi kuvuta bangi maisha yake yote, lakini majani yake aliyajua. Sikio likimuuma mtoto, anakamua jani, anadondosha tone moja. Ng'ombe akivimba tumbo, anachemshiwa majani, anamiminiwa kwa chupa. Wazee wa kiume walikuwa na kiko chao cha kibuyu chenye maji ndani, wanavuta wakikaa kuamua kesi, na inasemekana kesi zilichukua muda mrefu. Yote hayo baba alikuja kuyachoma kwa amri ya serikali, na bibi hakumwambia kitu, ila kwa mwezi mzima hakumpikia. Shifu Luo alipenda sana habari ya ng'ombe. Aliniuliza mara tatu kipimo cha majani.

Sasa nisikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo wanafunzi wengi mnapoharibu. Katika mbegu hii tatizo ni ganda. Mafundi wa zamani walisema ganda lina sumu na kiini hakina, na vipimo vya siku hizi havikuwapinga: kama kuna utomvu wa kulevya umebaki, umeshikilia nje, kwenye ganda na vikonyo. Kiini kikitoka kizima na safi, mpe hata bibi wa miaka tisini. Lakini ganda ni gumu na kiini ni laini, kina mafuta tele. Ukibana kidogo zaidi ya inavyotakiwa, umepata uji. Ukibana kidogo chini ya hapo, ganda linakucheka. Kazi yote ya dawa hii iko hapo katikati.

Vifaa vyangu vilikuwa vichache: chekeche tatu za matundu tofauti, mizani ya kushika mkononi, kikaango cha chuma, na meno. Meno msiyadharau. Kiini kizuri king'ate, kinalainika kama siagi. Kilichokaa sana kinakwaruza koo na kinanuka mafuta ya juzi. Kukaanga ni moto mdogo, mkono usitulie, mpaka kibadilike rangi kidogo na karakana ianze kunukia. Simu ikiita, iite.

Jumapili nilikuwa nakwenda ibada na Waafrika wenzetu wa mtaa wa Xiaobei, kwenye chumba cha kupanga ghorofa ya sita, juu ya ofisi za wasafirisha mizigo. Huko wakanibandika jina la Dada wa Bangi. Aliyelianzisha ni Mama Upendo, mfanyabiashara wa viatu kutoka Mbeya, mzee wa kanisa, mwanamke wa sauti kubwa anayejua Kichina cha maneno kumi na moja na anapunguziwa bei na kila laoban, yaani mwenye duka, wa soko la Liuhua. Mwaka mmoja alikaa wiki tatu anakula chipsi na kuku wa kukaanga tu, tumbo likafunga, akaja kwangu analia. Nikampikia uji wa mchele wenye tui la huoma, akapona kesho yake. Kosa langu ni kwamba nilimwambia ni nini baada ya ibada, mbele ya watu. Akashika kichwa. Akasema, yaani mimi nimeongoza sifa leo na bangi tumboni? Hakunisemesha wiki nzima. Baadaye akawa ananiagiza nusu kilo kila akija, lakini kwa kunong'ona, na marufuku kuandika chochote kwenye pakiti.

Miaka ilikwenda hivyo. Kisha laoban wetu, mwenye duka, akanunua mashine ya kukoboa. Simlaumu sana. Mkono wa Shifu Luo na wangu ilikuwa inatoa kiasi kidogo, na hospitali zilikuwa zinataka kingi. Mashine ilitema viini kwa kasi, lakini nusu vimepasuka, na kiini kilichopasuka kinavuja mafuta, na mafuta yakikutana na joto la Guangzhou yanaharibika kabla hujafunga gunia. Shifu Luo alimwambia laoban mara moja tu. Kisha akawa anakaanga tu kile mashine inachotoa, uso umemshuka. Miaka hiyo sitaki kuisimulia sana. Nilikuwa nafunga dawa ambayo mama yangu nisingempa.

Yaliyofuata yalitustahili. Hospitali moja iliturudishia mzigo mzima wa huoma, umechanganyika maganda na unanuka. Wiki hiyohiyo akaja mkaguzi, mama wa makamo, nywele fupi, kalamu tatu mfukoni. Alimwaga viini kwenye karatasi nyeupe, akatenga maganda kwa kibano, akaacha kuhesabu yalipozidi. Akatoa uamuzi palepale: tuna mwezi mmoja. Tukitoa huoma safi, kiini kizima, mbele ya macho yake, tutaendelea. Tukishindwa, kibali cha kutengeneza dawa hii kinafutwa.

Na laoban naye akasema lake. Huoma ndiyo iliyokuwa inailisha karakana nzima. Ikiondoka, atafunga karakana, atanunua dawa zilizokwisha kutengenezwa kiwandani, na chumba atakipangisha. Alikuwa ameshaleta mtu wa kukipima, muuza makava ya simu. Tulikuwa tunafanya kazi huku jamaa anavuta futi kwenye ukuta juu ya vichwa vyetu. Shifu Luo alikuwa anaishi chumba cha juu ya karakana tangu ujana, hana mke wala mtoto. Mimi kibali changu cha kuishi nchini kimeandikwa jina la karakana hiyo. Ikifungwa, yeye anabaki mtaani na mimi narudi nyumbani, na ujuzi wote wa mtu yule unaishia kwenye makava ya simu. Niliumia, sitadanganya. Nilikwenda chooni nikalia, nikanawa, nikarudi kazini.

Shifu Luo ndiye aliyeanza. Asubuhi iliyofuata nilimkuta amezima mashine na ameifunika shuka. Akaniambia kuna njia ya zamani aliyofundishwa na mwalimu wake, naye ameifanya mara mbili tu maishani. Mbegu unazifunga kwenye kitambaa, unazitia kwenye maji yanayochemka, unaziacha humo mpaka maji yapoe yenyewe. Kisha fungu unalining'iniza kisimani usiku mmoja, karibu na maji lakini lisiyaguse. Kesho yake unaanika juani mpaka zikauke. Halafu unazisugua kwa kiganja juu ya vigae vipya vya paa. Joto linalegeza ganda, ubaridi wa kisima unalishtua, jua linalipasua, na kigae kinalivua. Mwisho unapepeta.

Kisima kilikuwepo uani, kimefunikwa zege tangu watu walipoanza kutumia bomba. Tulilivunja zege siku nzima. Mara ya kwanza nilitumia kamba ya nailoni, ikavutika, fungu likazama, na tulipozisugua mbegu zikawa kama maharage yaliyoiva sana. Mara ya pili kisima kilitii, jua likagoma. Ilikuwa ile miezi ambayo kuta za Guangzhou zinatoa jasho na sakafu inalowa bila mtu kumwaga maji. Tulianika siku tano juu ya paa, tukavuna ukungu. Siku zinakatika, mtu wa makava ya simu anapita kuchungulia, anauliza kwa adabu kabisa kama milango itabaki au tunaondoka nayo.

Mara ya tatu jua likatoka. Shifu Luo alinifundisha uzito wa kiganja juu ya kigae, na nilipoinua mkono nikaona maganda yamefunguka nusu kwa nusu, na viini vyeupe vimelala pembeni, vizima. Nilipiga kigelegele. Watu wa dukani walikuja mbio wakidhani nimeungua.

Furaha ilidumu mpaka kwenye kupepeta. Feni ya karakana ilipuliza maganda na viini vyote kwenye kona moja, maana kiini kikishavuliwa ni chepesi mno. Shifu Luo akatoa ungo wao wa zamani, ule wenye mdomo wazi kama koleo, lakini mikono yake ilikwisha kuanza kutetemeka, na kila anaporusha, nusu inamwagika. Aliwatafuta mafundi wenzake, akakuta waliobaki wana mikono kama yake. Nikaushika mimi, nikamwaga zaidi yake. Masinia ya mianzi ya kuanikia yalikuwepo, ya duara, lakini makubwa kama meza na yamesukwa wazi. Shifu Luo aliketi kwenye kigoda, akaweka mikono magotini, akaitazama tu. Sikuwahi kumwona hivyo.

Ndipo nikaikumbuka ile namna Shifu Luo alivyokuwa anakunja viwiko anaporusha. Nilikuwa nimeiona kabla sijajua kusoma. Ni bibi yangu na ulezi wake. Ulezi ni mdogo kuliko huoma, na bibi alikuwa anautenganisha na makapi huku anaongea na jirani, hatazami hata. Mimi mwenyewe nilipepeta miaka yote ya utoto. Nikajiambia, Vero, kazi hii unaijua, kinachokosekana ni ungo wa kwenu.

Mama Upendo alikuwa Mbeya, anajiandaa kuja kufuata viatu baada ya siku nane. Nikampigia, nikamwomba aninunulie ungo wa kupepetea ulezi, uliosukwa kwa kubana, usiwe mkubwa. Akaniuliza wa nini, nami nikamweleza ukweli, maana nilishajifunza. Kisha akasema, "Vero, mimi ni mzee wa kanisa. Nikutwe uwanja wa ndege na ungo wa bangi, wanangu nitawaambia nini?" Nikamwambia ungo ni mpya, hauna hata punje. Nikamwambia habari ya Shifu Luo, na mikono yake, na chumba cha juu. Nikamwambia na mimi narudishwa. Akakata simu. Baada ya saa moja ikaja picha ya nyungo saba zimepangwa sokoni, na sauti yake inauliza ni upi.

Aliubeba mkononi, umefungwa kwa kanga. Pale uwanja wa ndege wa Guangzhou ofisa alimsimamisha akauliza hiki ni kitu gani, na maneno yake kumi na moja ya Kichina hayakuwa na ungo ndani. Basi akaufungua, akasimama katikati ya foleni, akapepeta hewa. Anasema foleni nzima iligeuka kumtazama, na ofisa akamruhusu kupita haraka kuliko siku zote.

Hakukubali kuniachia tu na kwenda. Alitaka kuona. Nikamkaribisha karakanani, nikamtambulisha kwa Shifu Luo, wakasalimiana kwa kuinamiana, kila mmoja kwa lugha yake. Nikamimina mbegu zilizosuguliwa kwenye ungo, nikarusha. Zikanimwagikia miguuni. Nikarusha tena, zikamwagikia miguu ya Mama Upendo. Mikono ilikuwa imesahau. Na zilikuwa zimebaki siku sita.

"Lete hapa," akasema. "Umekaa na Wachina mpaka kiwiko kimeganda. Bibi yako angekuchapa." Akavua saa, akakaza kitenge kiunoni, akaushika ungo. Jamani, yule mama! Aliyeogopa hata kuutaja mmea kwa jina alikaa pale asubuhi nzima anapepeta mbegu za bangi, akiimba pambio. Alirusha juu kidogo, akavuta kwake, akagonga ukingo kwa kidole gumba, na maganda yakatoka mstari mmoja kama yameitwa. Kisha akanishika viwiko kwa nyuma, akanifundisha upya. Legeza kiganja, Vero. Usiziogope. Ziache zipande, uzipokee. Shifu Luo alisogeza kigoda karibu. Neno moja la Kiswahili hakujua, lakini kila nilipokosea alitikisa kichwa sambamba na Mama Upendo. Siku sita nilipepeta mpaka mabega yakavimba.

Siku ya ukaguzi Mama Upendo alikuwa amekodi gari kwenda mji wa Shiling kununua mikoba, akanitumia sala ya dakika nne kwa simu. Mkaguzi alifika na kalamu zake tatu. Laoban alisimama mlangoni, na mtu wa makava ya simu alikuwa nje, anasubiri matokeo. Mkaguzi akasema hataki kuona kilichokwisha kutengenezwa, anataka kuona kinatengenezwa. Nilitazamia hivyo. Fungu lilikuwa limetoka kisimani siku mbili nyuma, limekauka vizuri. Shifu Luo akavipanga vigae vipya mwenyewe. Nikasugua. Kisha nikamimina kwenye ungo.

Mkaguzi akauliza kwa nini chombo hiki ni tofauti. Shifu Luo, ambaye huwa hajibu swali akiweza kulikwepa, akamjibu, "Chombo ni cha kwao. Njia ni ya kwetu. Mkono ni wake. Tazama."

Nikarusha. Zikapanda, nikazipokea. Nikavuta kwangu, nikagonga ukingo, na maganda yakatoka, mstari mmoja, yakaanguka kwenye mkeka pale nilipoyataka. Nikarusha tena. Vijana, sijui niwaelezeje. Mikono ilikuwa inakwenda yenyewe, na mimi nilikuwa nacheka kwa sauti mbele ya ofisa wa serikali. Nilipomaliza, ndani ya ungo palikuwa peupe kama palimwagwa mchele. Mkaguzi akachota gao moja la kiganja, akalimwaga kwenye karatasi, akatoa kibano. Alitafuta muda mrefu. Alipata ganda moja. Akachota gao la pili, hakupata. Akachukua kiini, akakitia kati ya meno ya mbele, akang'ata, akatafuna taratibu, akaandika. Akasema anapeleka sampuli maabara, jibu baada ya siku tatu. Akafunga mkoba, akatoka.

Akarudi. Alikuwa amefika mlangoni akageuka, akamtazama laoban mpaka laoban akaelewa akaenda mbele dukani. Kisha akashusha sauti akaniuliza mimi, si Shifu Luo, kama kinaruhusiwa kununuliwa kidogo. Mama yake ana miaka themanini na tisa, siku ya nane hii hajapata choo, na za kiwandani zimeshindwa. Nilimpimia, nikamfungia kwa karatasi, nikamwandikia: ponda na maji ya uvuguvugu, chuja kwa kitambaa, mimina tui kwenye uji wa mchele, mpe asubuhi na jioni. Alilipa bei ya dukani kama mteja yeyote na akadai risiti.

Zile siku tatu sitaki kuzirudia. Siku ya tatu simu ya karakana ikaita, tukiwa wote tumeizunguka: Shifu Luo, laoban, na kaka na dada wa dukani. Nikaipokea, nikaiweka sauti ya nje ili wote wasikie. Mkaguzi akasoma kwa sauti ya ofisi: sampuli imepita vipimo vyote, kibali kinaendelea, karakana iendelee na kazi kwa njia iliyoonyeshwa. Laoban akaketi juu ya gunia. Mmoja wa vijana wa dukani akatoka nje kumpa pole mtu wa makava ya simu.

Lakini mkaguzi hakukata. Hakujua kwamba anasikika karakana nzima. Akakohoa kidogo, akaacha sauti ya ofisi, akasema kama binti wa mtu, "Na mama amepata choo. Leo asubuhi. Vizuri sana."

Tulipiga makofi, laoban pia, na aliyeanza alikuwa Shifu Luo, kwa mikono yake ileile inayotetemeka. Akanichukulia simu, akaisogeza mdomoni, akamwambia mkaguzi kwamba kwa hiyo habari ya kwanza tunashukuru, lakini hii ya pili ndiyo tuliyokuwa tukiifanyia kazi.